SHAURI LA JUMA: Mafuriko ni ya Nani, na Maji ni ya Nani?

Kila mwaka masika yakikaribia, wakazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa huwa na hofu mbili zinazopingana. Hofu ya kwanza ni kwamba mvua itanyesha kwa wingi, mitaro ishindwe, na maji yaingie majumbani kupitia vichochoroni. Hofu ya pili ni kwamba mfereji utakuwa mkavu, na mama wa nyumba atalazimika kumngoja mwenye mkokoteni wa madumu na kulipa bei atakayotajiwa. Mgeni akisikia maneno haya aweza kucheka, akauliza mtu awezaje kuyaogopa maji na kuyatafuta kwa siku ile ile. Lakini mwenyeji ajua kwamba si mzaha.

Juma hili twapenda kueleza jambo ambalo wengi hulisikia likitajwa mikutanoni bila ya kufafanuliwa, nalo ni jinsi Serikali Kuu na serikali za kaunti zinavyogawana kazi ya kuzuia mafuriko na haki ya kuyatumia maji. Twajua kwamba mambo ya sheria huchosha. Hata hivyo, kila anayenunua dumu la maji, na kila mwenye shamba ukingoni mwa mto, jambo hili lamgusa mfukoni na mezani pake.

Kisiwa kisicho na mto

Kisiwa cha Mombasa hakina mto hata mmoja. Wazee wetu walitegemea visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji ya mvua yaliyokingwa mapaani. Misikiti ilikuwa na visima vyake na birika zake za kutawadhia. Maji hayo yaliufaa mji mdogo. Mji ulipokua hayakutosha tena, kwa kuwa kisima cha kisiwani kikitekwa kupita kiasi, maji ya bahari hupenya mwambani na kukitia chumvi. Tena vyoo vya shimo vikiwa karibu, uchafu hupenya kwa njia hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, karibu maji yote ya mfereji tunayoyanywa hutoka kwa majirani. Maji ya Marere hutoka katika vilima vya Shimba, na ya Tiwi hutoka katika visima virefu. Mahali pote pawili pamo katika Kaunti ya Kwale. Maji ya Mzima hububujika chini ya miamba ya volkeno katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, Kaunti ya Taita Taveta, nayo huletwa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 lililojengwa katika miaka ya 1950. Maji ya Baricho hupigwa kwa mashine kutoka visima vilivyo kando ya Mto Sabaki, katika Kaunti ya Kilifi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Watu wote hao ni wageni katika kisima cha mtu mwingine, nasi tunafundishwa kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Yafaa pia msomaji ajue jambo moja la jiografia. Maji ya Mzima yasiyoingia bombani hutiririka hadi Mto Tsavo. Mto Tsavo hukutana na Mto Athi, na kutoka hapo mto huitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo Mzima na Baricho ni sehemu mbili za mto mmoja. Litendwalo huko juu, hata karibu na Nairobi ambako Athi huanzia, hufika katika mtungi wa mtu wa Pwani.

Sheria yasemaje

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliunda kaunti 47 na kuzigawia kazi. Mgawanyo huo umeandikwa katika Jedwali la Nne. Serikali Kuu ilipewa matumizi ya rasilimali za maji, ulinzi wa maji, uhandisi wa maji na usalama wa mabwawa. Kaunti zilipewa kuwafikishia watu maji na kuondoa maji taka, pamoja na mitaro ya maji ya mvua katika miji. Kazi ya kukabili maafa iliandikwa pande zote mbili.

Sheria ya Maji ya 2016 iliyafafanua hayo. Inasema kwamba kila chemchemi, mto na ziwa ni amana iliyo mikononi mwa Serikali Kuu kwa niaba ya wananchi. Anayetaka kuchukua maji mengi sharti apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria hiyo inataka pia kiasi fulani cha maji kiachwe mtoni, kiwe akiba ya mahitaji ya lazima ya watu na ya uhai wa viumbe, na matumizi ya nyumbani yatangulie matumizi mengine yote.

Sasa tazama mgawanyo huo ulivyo kwa vitendo. Mto ni wa Serikali Kuu, na bwawa linalojengwa juu yake ni la Serikali Kuu. Mfereji ni wa kaunti, na mtaro wa mjini ni wa kaunti. Bwawa likijaa na kumwaga, maji huteremkia watu wa kaunti nyingine ambayo haikuulizwa. Na bwawa likizuia, mfereji wa kaunti ile ile hukauka. Waandishi wa Katiba waliliona jambo hili. Katika Kifungu cha 6 waliandika kwamba serikali za ngazi zote mbili ni mbalimbali lakini zategemeana, na kwamba zitaendesha uhusiano wao kwa kushauriana na kushirikiana. Neno hilo, kushauriana, ndilo lenye uzito wote katika habari hii.

Mfano wa Mto Tana

Hakuna mahali panapoonyesha haja ya kushauriana kuliko Mto Tana. Katika sehemu zake za juu pana mabwawa matano ya umeme: Kindaruma lililokamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo kubwa kuliko yote, nalo lilijengwa ili lihifadhi maji ya kuzungusha mitambo wakati wa kiangazi.

Hapa ndipo penye fundo. Mwenye kuzalisha umeme hupenda bwawa lijae, kwa maana maji yaliyomo ni sawa na fedha bankini. Mwenye kuzuia mafuriko hupenda bwawa liwe na nafasi, ili mvua kubwa ikija lipate pa kuiweka. Bwawa moja haliwezi kujaa na kuwa tupu kwa wakati mmoja. Lazima watu wakae waamue, kabla ya mvua, ni nafasi kiasi gani itaachwa, na ni nani atakayebeba hasara ya uamuzi huo.

Huko chini, Wapokomo walizoea tangu zamani kulima mpunga, mahindi na migomba katika ardhi iliyolowanishwa na mto unapofurika na kupungua. Waorma hupeleka ng'ombe zao katika nyasi za delta wakati wa kiangazi, nyasi ambazo huota kwa sababu ya mafuriko hayo hayo. Kwa watu hawa mafuriko ya wastani ni haki yao ya maji, ijapokuwa hakuna aliyewaandikia kibali. Tangu mabwawa yalipojengwa, mafuriko madogo yenye faida yalipungua. Lakini mafuriko makubwa hayakukoma. Mwaka wa 2018, tena mwishoni mwa 2023, na tena mwezi wa Aprili na Mei 2024, mto ulivunja kingo zake katika Garissa na Tana River, na maelfu ya watu walihama makwao. Katika nchi nzima, mvua za masika ya 2024 ziliua watu zaidi ya 200.

Mkulima wa Tana, basi, alinyang'anywa mafuriko yaliyomlisha na kuachiwa yale yanayomzamisha. Hatusemi kwamba mabwawa ni mabaya. Taa inayotuwezesha kuandika maneno haya yawezekana imewashwa na maji ya Tana. Twasema kwamba kuzuia mafuriko na kugawa haki ya maji ni kazi moja, na ikifanywa na watu wawili wasiosemezana huleta madhara ya namna mbili.

Mto wetu wa Sabaki

Msomaji wa Mombasa asidhani kwamba hayo ni ya Tana peke yake. Mwaka wa 2018 Serikali Kuu ilianza kujenga bwawa kubwa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, mahali mito ya Thwake na Athi inapokutana. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa mkopo. Bwawa limekusudiwa kubeba maji zaidi ya mita za ujazo milioni 600, yawe ya kunywa, ya umwagiliaji na ya umeme. Watu wa Makueni na Kitui wamevumilia ukame vizazi na vizazi. Hakuna mwenye haki ya kuwaonea kijicho.

Lakini Mto Athi ni huo huo Sabaki. Bwawa likiongozwa vizuri laweza kutufaa sana, kwa kuwa Sabaki ukifurika, visima vya Baricho na nguzo za umeme wake huwa hatarini, nasi hukosa maji hali mto umejaa. Bwawa laweza kuzipunguza nguvu hizo. Likiongozwa vibaya, laweza kuzuia maji mwezi wa Februari, wakati Sabaki ni mwembamba na Malindi, Kilifi na Mombasa zote zina kiu. Kitakachoamua ni masharti yaliyoandikwa: ni maji kiasi gani yatakayoachiliwa kila siku, katika miezi ipi, na ni nani mwenye kupima.

Habari ya Mwache, katika Kaunti ya Kwale, ni ya karibu zaidi. Mto huo huingia katika hori iliyo magharibi ya kisiwa chetu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha tope jingi mno, hata mikoko mingi ya hori hiyo ikafa. Bwawa la Mwache, ambalo Benki ya Dunia ilisaidia kuligharimia, lilipangwa kutoa karibu mita za ujazo 186,000 kwa siku, na sehemu kubwa ni ya Mombasa. Waliotoa ardhi ni wakulima wa Kwale. Tope lile lile lililoua mikoko laweza kulijaza bwawa na kulifanya bure, isipokuwa mkulima wa Kinango apige matuta shambani mwake na kupanda miti kwenye miteremko. Kwa hiyo mtu wa Mji wa Kale atakunywa kwa hisani ya jembe la mtu ambaye hajapata kumwona. Ni haki mtu huyo awe wa kwanza kupata maji, wala asiwe wa mwisho.

Wamarekani walivyofanya

Si sisi wa kwanza kukutwa na shida hii. Marekani ni muungano wa majimbo, na huko, hasa upande wa magharibi, haki ya kutumia maji hutolewa kwa sheria za jimbo. Mwaka wa 1927 Mto Mississippi ulifurika na kuleta maafa makubwa. Baada ya hapo, kwa sheria ya 1936, Serikali ya Muungano ilikubali kwamba kuzuia mafuriko nchini kote ni kazi yake. Wahandisi wa jeshi wakapewa kujenga mabwawa.

Majimbo ya magharibi yakaingiwa na hofu. Yaliona kwamba mwenye bwawa ndiye mwenye maji, na kwamba haki walizowapa wakulima wao zingeweza kumezwa. Ndipo katika sheria ya kuzuia mafuriko ya Desemba 1944 yakawekwa maneno ya kuwalinda. Bunge lao lilitamka kwamba haki na maslahi ya majimbo katika maji yatatambuliwa. Kwamba mpango wa bwawa upelekwe kwa majimbo yanayohusika, nayo yapewe siku 90 za kutoa maoni. Na kwamba katika nchi kavu za magharibi, maji ya kupitishia vyombo yasiwanyime watu maji ya kunywa na ya mashamba.

Sheria hiyo haikumaliza ugomvi wote. Katika Mto Missouri, Wahindi Wekundu wa makabila ya Mandan, Hidatsa na Arikara walipoteza mashamba yao mazuri chini ya bwawa la Garrison, na majimbo ya juu na ya chini yameshitakiana mara nyingi. Lakini faida moja ilipatikana: mashauri hutangulia saruji, na maoni ya jimbo hubaki katika maandishi.

Kuna tofauti kubwa kati yao na sisi, nayo yafaa itiwe maanani. Kule jimbo lina silaha, maana ndilo litoalo haki ya maji. Hapa Serikali Kuu hutoa kibali, na Serikali Kuu hiyo hiyo hujenga bwawa. Kaunti haina cha kushika ila lile neno la Kifungu cha 6. Ndiyo maana neno hilo halifai kuachwa liwe la heshima tu. Lapasa kuwa na siku, na karatasi, na jibu.

Lipasalo kufanywa

Mosi, kabla ya masika na kabla ya vuli, wenye mabwawa, Mamlaka ya Maji, Idara ya Hali ya Hewa na kaunti zilizo chini ya mto wakutane, waamue ni nafasi gani itaachwa bwawani. Uamuzi utangazwe redioni kwa lugha wanazozisikia watu wa mtoni, kwa Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kiswahili, mapema, mtu apate kuhamisha mbuzi wake na kuvuna mahindi yake.

Pili, kiasi cha maji kinachowastahili walio chini kiandikwe katika kibali cha bwawa. Ahadi ya mdomo husahaulika kiangazi kikija, na maji yakimwagika hayazoleki.

Tatu, kaunti inayotoa maji inywe kwanza. Kwa miaka mingi viongozi wa Taita Taveta wamekuwa wakidai fungu lao katika maji ya Mzima, na wengine wa watu wao huliona bomba likipita karibu na vijiji visivyo na mfereji. Watu wa Mombasa hawapaswi kuyakasirikia madai hayo. Jirani akishiba hatakata bomba lako.

Nne, nasi tufanye yetu. Dawa ya deni ni kulipa. Imepata kutokea umeme wa mashine za maji ukakatwa kwa sababu ya deni, na mji mzima ukakauka hali kisima kimejaa. Mitaro ni kazi ya kaunti, lakini takataka zinazoiziba hazikutupwa na gavana. Tena tuirudie hekima ya wazee ya kukinga mvua. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mombasa hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100, basi, hupokea kama lita 100,000, nayo ni madumu 5,000 ya lita 20. Hata nusu ikipotea, nyumba imejipatia madumu 2,500 ya kufulia na kuoshea, na maji hayo hayakuingia mtaroni kumzamisha jirani. Hofu mbili tulizozitaja mwanzoni zimepunguzwa kwa tangi moja.

Mwisho, kila mradi mkubwa wa maji hupaswa kuwekwa mbele ya wananchi nao watoe maoni yao. Matangazo hayo mara nyingi hubandikwa na kupita bila mtu kuyasoma. Wewe karani unayejua kusoma, wasomee wenzako barazani. Na wewe mkulima, nenda mkutanoni. Huhitaji kuwa mwanasheria wala mhandisi. Simama kwa adabu uulize mambo mawili: maji haya yakizuiwa, ni nani atakayeyakosa? Na yakiachiliwa, ni nani atakayeyapokea? Kisha uombe jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.